Nyumba Njema si Mlango: Jina, Nembo na Sura ya Programu Huria za Kiswahili

Wahenga wa pwani waliacha methali mbili zinazoelekea upande mmoja. Ya kwanza yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa sikio la haraka, zote mbili zamwambia fundi kwamba ashughulike na kazi yake, asishughulike na sura. Watunzi wa programu huria wamelifuata fundisho hilo kwa miaka mingi, na wengi wao hawajapata hata kuzisikia methali zenyewe. Huandika msimbo kwa uangalifu, wakausahihisha usiku na mchana, kisha jina na nembo vikaachwa hadi dakika ya mwisho, vikabuniwa na yeyote aliyekuwa na nafasi.

Hata hivyo, anayepita Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa hugundua kwamba methali ya pili ina siri. Jamii iliyosema kuwa nyumba njema si mlango ndiyo hiyo hiyo iliyowalipa mafundi wachonge milango kwa nakshi za maua na minyororo, na kuzipamba roshani za mbao zinazoelekea barabarani. Methali haiukatazi mlango mzuri. Inaukataza mlango usio na nyumba nyuma yake. Mwenye nyumba alijua kwamba mpita njia huuona mlango kwanza, na kwamba mlango huo unamwahidi jambo fulani kuhusu waliomo ndani.

Makala haya yanashikilia kwamba programu huria ya Kiswahili inapotaka kujipa nembo na sura mpya mbele ya umma, kazi yapasa ianze na neno, wala si rangi. Na kwamba neno hilo litoke kinywani mwa wanaokisema Kiswahili nyumbani, si katika orodha ya maneno yanayompendeza mgeni. Suala hili si la urembo. Likikosewa, Kiswahili hubaki kuwa pambo la kompyuta, nayo kazi yenyewe ikaendelea kufanywa kwa lugha nyingine.

Bure na huru

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuutetea. Msingi wake ni uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kusambaza nakala zake, na kusambaza nakala zilizobadilishwa. Tangu hapo watetezi wa programu hizo wamesumbuliwa na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, ile ya kitu kisicholipiwa na ile ya kitu kisichofungwa. Wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanakusudia ya pili. Mwaka 2010, waundaji wengi wa programu ya ofisi ya OpenOffice.org walipojitenga baada ya kampuni ya Sun kununuliwa na Oracle, waliliacha neno la Kiingereza wakaazima libre, neno linalotumika katika Kifaransa na Kihispania, wakaiita programu yao LibreOffice.

Kiswahili hakina haja ya kuazima. Kinatenganisha bure na huru waziwazi, na kinalo pia huria, neno lililozoeleka katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ni ajabu basi kwamba utajiri huu hutupwa mara kwa mara, na programu hizi zikaelezwa kwa umma kuwa ni programu za bure. Mwanafunzi wa semantiki hahitaji kuambiwa hasara yake. Bure katika Kiswahili ni kisicholipiwa, lakini pia ni kisichofaa: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Anayeitangaza programu yake kuwa ya bure amekwisha kuishusha thamani kabla haijafunguliwa, na hakuna nembo itakayoipandisha tena. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilichagua vyema ilipojiita kamusi elezo huru.

Yupo atakayesema kwamba huria ni neno la wasomi na halimfikii muuza samaki wa Marikiti. Lakini wazo lenyewe si geni kisiwani. Kisima au nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Manufaa yake huwaendea waliokusudiwa, na sharti la aliyeiweka huendelea kuheshimiwa baada ya kufa kwake. Tume ya Wakfu ya Kenya ina makao yake papo hapo Mombasa. Leseni ya GNU iliyotolewa mwaka 1989 ina sharti la namna hiyo: anayeipokea programu na kuisambaza hana ruhusa ya kumnyima mwenziwe haki alizopewa yeye. Mfano huu una mpaka wake, maana wakfu haumruhusu kila mtu kuibomoa nyumba na kuijenga upya, ilhali programu huria huruhusu hilo. Pamoja na hayo, mzee wa Kibokoni akielezwa programu huria kwa njia ya wakfu ataelewa mapema zaidi, na kwa heshima zaidi, kuliko akiambiwa kwamba kuna kitu cha bure.

Jambo lililoitwa Jambo

Mfano ulio karibu zaidi wa programu huria iliyovishwa sura ya Kiswahili ulitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2004, kupitia mradi wa Kilinux, chuo hicho kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. Ilikuwa kazi nzito na ya kuheshimiwa: maelfu ya maneno na vifungu vya maelekezo vilitafutiwa Kiswahili, mengi kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuzitafsiri programu zake, na wengi wakaona kwamba hatimaye lugha imeingia katika mashine. Hakuna anayepaswa kuidharau kazi hiyo. Lakini jina lake linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna makosa mawili ambayo mradi wowote mpya waweza kuyarudia.

Kosa la kwanza ni la kisarufi na la kijamii kwa pamoja. Hujambo ni ukanushi: huna jambo, yaani huna linalokusibu. Ukiuondoa ukanushi, hubaki jambo lenyewe. Katika Mji wa Kale mwenyeji hamwamkii mwenziwe kwa Jambo tupu. Atasema hujambo, ataulizia habari, atamwambia mkubwa wake shikamoo. Jambo tupu lina mahali pake, nako ni langoni mwa Ngome ya Yesu, ambako waongozaji na wauza vinyago huwapokea watalii. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ililieneza duniani kote kwa wimbo wake Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Neno hilo huwaletea watu riziki na halina haja ya kulaumiwa. Ila linapobandikwa kwenye programu inayokusudiwa kutumiwa na mwalimu wa Kuze au karani wa Makadara, linamwamkia kana kwamba yeye ndiye mgeni katika lugha yake.

Kosa la pili lilijificha katika nusu ya pili ya jina. OpenOffice lilikuwa jina la mwingine. Lilikuwa chini ya Sun, mwaka 2010 likapita kwa Oracle, na mwaka 2011 Oracle ikaukabidhi mradi huo kwa wakfu wa Apache. Walioendelea na kazi chini ya LibreOffice hawakulichukua. Msimbo uliruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa na yeyote, jina halikuruhusiwa. Mradi wa Kiswahili uliojiita kwa jina hilo ulikuwa kama jahazi lililofungwa ubavuni mwa meli ya mtu: meli ikiuzwa, jahazi halina kauli.

Linganisha na majina mengine yaliyotoka katika Kiswahili. Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kundi la Wakenya liliunda programu ya kukusanya na kuweka kwenye ramani taarifa za yaliyokuwa yakitendeka, likaiita Ushahidi. Jina hilo halikutafsiriwa programu ilipotumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Dunia ilijifunza neno la Kiswahili kwa sababu neno lilibeba kazi. Hali kadhalika, taasisi ya SIL iliipa jina la Andika seti ya herufi huria iliyosanifiwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na Kevin Donnelly akaiita Andika! programu huria ya kukiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Majina hayo matatu yanafanana kwa jambo moja: kila moja humwambia mtumiaji kitu kile kinafanya nini. Halimwamkii tu.

Ngome na pembe

Tuseme basi kikundi cha vijana wa Mombasa kimeamua kuufufua mradi wa aina hiyo na kuupa sura mpya. Huenda kikakutana Swahilipot, katika Mji wa Kale, mahali ambapo sanaa na teknolojia zimewekwa chini ya paa moja. Jina limekwisha kupatikana, imebaki nembo. Mkono utakimbilia wapi kwanza?

Bila shaka utakimbilia picha mbili ambazo kila tangazo la Mombasa limezitumia. Moja ni Ngome ya Yesu. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ni jengo la fahari, lakini kuta zake zilijengwa ili kufungia na kuzuia, na kwa karne kadhaa kila aliyeitwaa aliielekeza mizinga yake kwa wengine. Programu ambayo sifa yake kuu ni kutomfungia mtu mlango itajieleza vipi kwa picha ya ngome? Nyingine ni pembe za ndovu za Moi Avenue, barabara iliyokuwa ikiitwa Kilindini Road. Watu wengi huzisoma kama herufi M ya Mombasa. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ukoo wa kifalme wa Uingereza. Kuzifanya nembo ya programu ya uhuru ni kuazima heshima ya mtawala ili kutangaza kisichotawaliwa.

Wapo watakaokwepa hayo mawili na kuuchukua mlango wa nakshi. Uamuzi huo una nia njema, lakini unakutana na kikwazo cha ufundi. Nembo ya programu haiishi ukutani tu. Huishi katika ikoni ndogo ya pikseli 16 kwa 16, katika nakala ya mashine isiyo na rangi, katika mhuri wa mpira na kwenye kifua cha fulana. Nakshi ya mchongaji, iliyokusudiwa kutazamwa kwa karibu na kuguswa kwa kidole, ikibanwa katika pikseli 16 hugeuka doa. Urithi hauokolewi kwa kufanywa doa.

Somo la leso

Mombasa ina mwalimu mwingine wa usanifu, naye hupatikana Biashara Street. Leso, ambayo kwingine huitwa kanga, imetatua matatizo yote ya nembo tangu zamani. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina maneno ambayo wenyewe huyaita jina. Michoro yake, kama ule wa korosho, husomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na haipotei maana leso ikikunjwa, ikifuliwa au ikichujuka. Zaidi ya hayo, ni kazi iliyofanywa kwa kuwasikiliza watumiaji: leso ambayo jina lake haliwagusi wanawake haiondoki dukani, hata rangi zake zikiwa nzuri namna gani.

Historia yake ina funzo la moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza kuzitambulisha leso zake kwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na mara nyingi aliongeza methali ya Kiswahili. Kwanza maneno ya leso yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Alama ya Abdulla haikuwa picha ya simba wala ya mnazi. Ilikuwa kauli ya Kiswahili inayoeleweka na aliyeinunua, tena kauli yenye dhamana: leso hii ina mwenyewe, na ikichujuka unajua uende duka gani.

Hapa ndipo penye kitendawili. Programu huria ni mali ya nani? Haiwezi kusema Mali ya Abdulla, maana Abdulla ameruhusu kila mtu anakili. Wala haiwezi kukosa mwenyewe kabisa, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Miradi mikubwa ya dunia imelijibu swali hili kwa kutenganisha vitu viwili: msimbo ni wa wote, lakini jina na nembo vina mlinzi. Utengano huo una gharama zake. Mwaka 2006 mradi wa Debian uliacha kuiita Firefox kwa jina hilo ukaiita Iceweasel, kwa kuwa nembo ya Firefox haikuwa na leseni huria, na Mozilla ilitaka nembo hiyo itumike pamoja na jina, na mabadiliko ya msimbo yapate idhini yake. Miaka 10 ilipita kabla ya pande hizo mbili kupatana mwaka 2016. Wote wawili walikuwa na hoja. Mmoja alilinda dhamana, mwingine alilinda uhuru.

Mradi wa Kiswahili una nafasi ya kuepuka mvutano huo kwa kuamua mapema. Nembo yake na iwe ahadi ya utunzaji: popote inapoonekana, mtumiaji ajue kwamba kuna watu wanaosahihisha makosa, wanaotoa matoleo mapya na wanaoafikiana juu ya istilahi. Anayeibadilisha programu na abadilishe apendavyo, ila akiacha njia ya kundi aipe jina lake. Na kundi likiacha kutunza, livue nembo. Huo ndio mlango wenye nyumba nyuma yake.

Sura iliyo ndani

Kuna pingamizi la haki dhidi ya haya yote. Kiswahili si cha Mombasa peke yake. Kwa nini lugha ya mamilioni ya watu, kutoka Kongo hadi Muskat, ipimwe kwa masikio ya Kibokoni na Kuze? Jibu ni kwamba haipimwi kwa lahaja ya Kimvita. Inapimwa kwa kanuni. Jina linaloweza kutamkwa bila kicheko kati ya wenyeji wawili wa Mji wa Kale litatamkika vilevile Tanga, Ujiji na Bukavu. Jina lililotungwa kwa ajili ya sikio la mfadhili halina kwao popote.

Kanuni hiyo haiishii kwenye jina. Sura ya programu ni kila neno linaloonekana kwenye skrini. Mtumiaji akikuta kompyuta katika ukurasa mmoja, tarakilishi katika wa pili na ngamizi katika wa tatu, atadhani ameingia nyumba tatu. Nembo yaweza kuwa ya kupendeza kuliko zote Afrika Mashariki, naye bado atairudisha programu kwenye Kiingereza kabla ya kumaliza barua yake ya kwanza. Kila anayefanya hivyo hukijengea Kiswahili sifa kwamba ni lugha ya kuamkiana, na kwamba panapoanza kazi yapasa kiondoke. Sifa hiyo haifutwi na mchoraji.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina kazi hapa ambayo wanasayansi wa kompyuta hawawezi kuwafanyia. Wanachama wake wanajua tofauti ya bure na huru, wanajua kwa nini hujambo si jambo, na wana muda na hamu ya kukaa na wachuuzi wa Marikiti, mafundi wa mbao na wauza leso kuwauliza neno lipi lawatosha. Kabla ya kalamu ya mchoraji kugusa karatasi, wangeweza kuuwekea kila mradi maswali matatu, kwa mpangilio wa leso yenyewe. Pindo: mipaka ya uhuru huu ni ipi, na nani anailinda? Mji: kitu hiki chafanya kazi gani? Jina: ni neno gani ambalo mwenyeji atalisema kwa mwenyeji mwenziwe bila kujihisi mtalii? Mradi ulioyajibu matatu hayo waweza kubadili nembo hata mara tatu bila kupoteza sura. Ubuntu, mfumo huria ulioanza mwaka 2004 kwa jina la Kinguni linalokaribiana na utu wa Kiswahili, umekwisha kubadili nembo mwaka 2010 na mwaka 2022, na jina lingali lilelile.

Kwa mradi ambao haujayajibu, methali ya kwanza itakuwa imetimia upande wake wa pili. Utajitembeza na nembo yake nzuri kutoka kongamano hadi kongamano, na hapatakuwa na atakayefungua aingie ndani.